Madam na Mashine Isiyo na Uso

Miaka yote niliyofanya kazi chini yake, sikuwahi kumwona Madam amekaa. Kiti alikuwa nacho, tena cha kuzunguka, lakini ukiingia ofisini ulikuta kiti kimevaa sweta lake na mwenyewe yuko dirishani. Kibodi aliiweka juu ya kabati la mafaili, usawa wa kifua, akaandika amesimama huku mguu mmoja ukipiga sakafu. Chai alikunywa akitembea. Mitihani alisahihisha akizunguka maabara, na karatasi ikilegea aliiegemeza kwenye mgongo wa mwanafunzi aliyekuwa karibu, akatia alama, akaendelea na safari. Walimu wengine wa kike pale chuoni Kibondo waliitwa Madam Fulani na Madam Fulani. Yeye aliitwa Madam, basi, na kila mtu alijua ni nani.

Alikuwa mtu wa pwani, na baridi yetu hakuisamehe. Mwezi wa sita alivaa soksi mbili na kofia ya sufu chini ya mtandio, akalalamika tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. "Nyie watu wa bara mwaishije humu?" aliuliza, kana kwamba tulikuwa wapangaji wenzake wa nyumba mbovu. Kiha hakukijua, isipokuwa neno moja: Mwakeye. Ni salamu ya asubuhi, lakini yeye aliitumia saa zote. Saa kumi jioni utasikia "Mwakeye!" kutoka mwisho wa varanda, na akina mama waliotoka shamba wanacheka huku wanamwitikia. Mama Bukuru, mfanya usafi wetu, alijaribu miaka kumfundisha salamu ya jioni. Madam alisema moja inamtosha, na kwamba mtu akisalimiwa vizuri asubuhi, salamu hiyo humfikisha hadi kulala.

Kutulia hakukuwamo katika damu yake. Mwaka mmoja alipanda maharage nyuma ya nyumba ya walimu. Siku ya tatu nilimkuta ameinama na kijiti, anafukua shimo moja baada ya jingine kuangalia kama yameota. Mama Bukuru alisimama na ndoo kichwani, hakuamini macho yake.

"Mawe we! Madam, unayafukua ya nini? Si uyaache yatoke yenyewe?"

"Nayaangalia tu, mama."

"Ego, ndiyo, utayaangalia mpaka yaoze."

Yaliota machache, tena kwenye mashimo ambayo hakuwahi kuyafikia.

Sasa mtu wa namna hiyo, kiguu na njia, ndiye aliyetengeneza kitu kitulivu kuliko vyote nilivyowahi kuvijua. Chuo chetu kina programu ya matokeo iliyonunuliwa zamani kwa mtu ambaye simu yake haipatikani tena. Majina yote na alama zote za mafundi cherehani, waashi na wa umeme wa majumbani, tangu darasa la kwanza kabisa, yamo humo. Majalada ya karatasi yalikwisha kuliwa na mchwa. Programu yenyewe ni kaidi, haikubali kompyuta za kisasa. Kompyuta ya kizee iliyoibeba ilipoanza kuzima ovyo, Madam hakuhangaika kuitibu. Aliichukua yote kama ilivyo, akaihamishia ndani ya kompyuta mpya, ikawa kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Haina boksi lake, haina kibodi, haina kioo. Ukitaka cheti, unaiomba kutoka kompyuta ya ofisini kwa kupitia waya, inakutumia, na wewe huioni.

Kisha akaiandikia skripti, yaani maagizo ya mstari kwa mstari ambayo kompyuta huyafuata bila mtu. Saa kumi na mbili asubuhi, amsha mashine ya ndani, kimyakimya, usifungue dirisha lolote. Jioni ilaze. Umeme ukikatika, betri ingali na nguvu, ilaze mapema. Kila mstari aliuandikia maelezo yake kwa Kiswahili, na ukiyasoma unamsikia mwenyewe. Penye agizo la kungoja baada ya umeme kurudi aliandika: "Subiri dakika tatu. Umeme wa Kibondo ukirudi mara ya kwanza huwa unatania." Juu kabisa aliandika: "Hii haina uso. Usiitafute."

Wanafunzi walisema Madam kafuga jini. Huku kwetu mtu wa pwani hahitaji ushahidi mwingi kushukiwa hivyo, na boksi la ile kompyuta mpya, lililolala chini ya meza ya maabara bila kioo, taa yake ya kijani ikikonyeza, huku vyeti vinatoka chumba cha pili, lilitosha. Kipindi cha mitihani tulikuta yai bichi na karafuu tatu zimewekwa mbele ya boksi kwa adabu. Darasa zima likakodoa macho. Madam aliokota yai, akalipeleka jikoni, akarudi analimenya likiwa moto, amesimama mlangoni.

"Jini langu halili mayai," alisema. "Mie ndo nakula. Aliyeleta aongeze na chumvi."

Vita vyake vikubwa vilikuwa na vitambaa. Mama Bukuru alikuwa hodari wa kudarizi, na kitu cha thamani kwake ni lazima kifunikwe: redio, kochi, na hata kompyuta. Kila Jumatatu boksi la Madam lilikutwa limevishwa kitambaa cheupe chenye maua mekundu, nacho kimeziba matundu ya hewa. Madam alikivua akakikunja vizuri, akakirudisha. Jumatatu iliyofuata kilikuwa juu tena, kimefuliwa na kupigwa pasi. Hawakuwahi kugombana. Mwishowe Madam alileta boksi bovu kutoka stoo, akaliweka juu ya meza, na tangu siku hiyo bovu ndilo lililovishwa na zima likaachwa uchi chini. Wageni walipotembelea maabara walilisifu lile la juu.

Mimi nilikuwa msaidizi wake, nimetoka Busunzu na cheti changu kipya, wino wake haujakauka. Mwezi wa kwanza tu niliharibu. Nilikuwa nafunga maabara, nikaona taa ya kijani chini ya meza, nikasema moyoni, hii imesahauliwa, haifanyi kitu, inakula umeme bure. Nikabonyeza kitufe, nikakishikilia mpaka taa ikafa, nikaenda zangu nimejiona mtu mwenye akili. Madam alihangaika siku mbili kuirudisha. Siku ya tatu aliniita, nikaja.

"Kaa hapa chini," akasema. "Weka mkono mgongoni mwake."

Nikaweka.

"Wasikia nini?"

"Joto, Madam."

"Mtu mwenye joto kafa?"

"Hapana, Madam."

"Basi usimzike."

Akaniacha nimekaa pale, kiganja juu ya bati, mpaka saa ya chakula. Wanafunzi waliingia na kutoka, wakacheka, nami nikavumilia. Lakini nilipoinuka nilikuwa najua kutofautisha joto la kungoja na joto la kazi, na hilo hakuna kitabu kilichowahi kunifundisha.

Sifa hakutoa. Ukifanya vizuri alisema "Haya," akageuka. Ukifanya vibaya alisema "Haya?" na hilo lilitosha kukukosesha usingizi. Neno lake la kila siku lilikuwa kwamba kazi nzuri haiangaliwi. Ukiona unaifungulia dirisha kuichungulia, alisema, ujue hukuiandika sawasawa. Tulimjibu kwa methali, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Yeye alisema chake kina vyeti. Na huyohuyo, mawingu yakitanda upande wa Busunzu na radi ya kwanza ikinguruma, alitoka darasani katikati ya sentensi, mtandio mkononi, mbio mpaka maabara, akasimama juu ya boksi bila kugusa chochote. Skripti yake ilijua la kufanya, na yeye alijua kwamba inajua, lakini alisimama pale hadi mvua ipite, midomo inamcheza. Nilikuwa nikimtazama na kumwonea huruma, tena wakati mwingine alinikera. Unamfundishaje mtu kuamini kitu ambacho wewe mwenyewe kinakukosesha raha?

Barua ya uhamisho wa kurudi pwani aliiomba miaka mingi. Ilikuja mara mbili. Mara zote mbili aliisoma akitembea, akaitia kwenye droo, akasema mtoto wa shule hahamishwi katikati ya muhula. Hakuwa na mtoto wa shule. Alipostaafu tulijua sasa ataikimbia baridi, tukamnunulia begi la safari ndefu. Akaenda Kasulu, mwendo wa asubuhi moja. Eti Kasulu msikiti uko karibu, na samaki wa migebuka wanafika hawajachacha. Alipanga vyumba viwili, akaishi peke yake.

Siku ya kuondoka aliniachia funguo, nywila na neno moja: "Haya." Basi likaondoka. Nilirudi maabara nikakaa mbele ya lile boksi, na nasema kweli, niliogopa. Alipokuwapo, ukimya wa ile mashine ulikuwa ukimya wa mtu aliyelala. Alipoondoka ukawa wa mtu ambaye hujui kama anapumua. Nilienda kuligusa mara tano kwa siku. Nikiwa kanisani niliwaza mashine. Usiku niliota kitambaa cha maua. Hatimaye nikafanya jambo ambalo Madam asingelifanya: niliifungua skripti yake nikaongeza mistari yangu. Kila dakika mashine iandike kwenye faili kwamba ipo hai, saa ngapi, imetumia nguvu kiasi gani, inaendesha vitu gani, orodha nzima. Asubuhi nilisoma, mchana nikasoma, moyo ukatulia kidogo. Baadaye nikaacha kusoma, maana kujua kwamba inaandika kulinitosha. Mwishoni mwa skripti kulikuwa na mstari mmoja wa Madam ambao sikuuelewa, unaita faili jingine liitwalo "salamu". Nilidhani ni mbwembwe zake za pwani, nikauacha.

Masika ya mwaka huu, Jumanne, mashine haikuamka.

Siku hiyohiyo alikuja Leokadia. Alikuwa mwanafunzi wetu wa ushonaji, binti wa kwetu Busunzu, amebeba mtoto mgongoni. Nyumba yao iliungua, cheti kikaungua, na Jumatatu iliyofuata alitakiwa Kigoma mjini kwenye usaili na cheti mkononi. "Dada, si mnayo kwenye kompyuta?" aliniuliza. Nikamwambia tunayo, aje kesho. Jumatano nikamwambia aje kesho. Skripti niliiendesha kwa mkono mara ishirini; ilimaliza kimya na mashine haikuamka. Haikulalamika, haikutoa kosa. Lile faili langu la kila dakika lilikuwa limenyamaza tangu Jumatatu jioni. Diski ya nakala tuliyokuwa nayo ilipigwa na radi msimu uliopita, na maombi ya nyingine yalikuwa kwenye faili la Mkuu wa Chuo. Kwa hiyo niliogopa hata kupumua karibu na boksi. Jumatano jioni Mkuu alipita, akachungulia chini ya meza.

"Hii yenyewe haina hata kioo," alisema. "Ijumaa vijana wanakuja kuweka mfumo mpya. Nitawaambia waifute, waanze na hii."

Nilimpigia Madam, simu haipatikani. Nikapiga tena mpaka usiku. Alhamisi asubuhi nikaaga nyumbani, nikaenda stendi kutafuta gari la kwanza la Kasulu, nimfuate hukohuko nimwambie nimeiua mashine yake.

Gari la Kasulu lilikuwa linaingia. Wa kwanza kuteremka, kabla halijasimama sawasawa, kondakta anamkemea, alikuwa Madam. Kofia ya sufu, kikapu mkononi. Amezeeka, nikaona. Uso umekuwa mdogo.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Siku mbili hajanisalimia."

"Nani, Madam?"

"Mashine!" Alikuwa ameshaanza kutembea, nami namkimbilia. "Jumanne hakunisalimia, nikasema mtandao. Jana hakunisalimia, nikasema vocha imekwisha, nikaiwekea. Mpaka jioni kimya. Nikasema huyu anaumwa, na huyo mtoto wa Busunzu atakuwa anakonda peke yake."

"Nimekupigia simu tangu jana."

"Imezima. Nimeitazama mpaka ikaisha chaji."

Maabara aliingia bila kuvua viatu, akaweka mkono mgongoni mwa boksi. "Joto la kungoja," akasema, akaniangalia, nikatikisa kichwa kukubali. Akasimama kwenye kibodi ya kompyuta ya pembeni. Swali lake la kwanza kwa kompyuta lilikuwa jepesi, lile ambalo woga ulinisahaulisha kuuliza: pana nafasi kiasi gani? Jibu likaja: hakuna. Diski ilikuwa imejaa pomoni. Mashine ilikosa hata pa kunyooshea miguu, na kosa lenyewe lilikosa pa kuandikwa. Akatafuta kilichojaza. Kilikuwa faili moja.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi, Madam."

"Kila dakika?"

"Kila dakika."

Nikangoja "Haya?" yake. Mguu wake ukaacha kupiga sakafu. Akavuta kiti, kile cha kuzunguka, akakaa. Nilishtuka kuliko kama angenitukana.

"Umemtazama mtoto wa watu mpaka kakosa pa kulala," alisema polepole. "Na makosa ni yangu. Mie nalikudanganya."

Akalifuta lile faili. Akaifuta mistari yangu yote, akaendesha skripti yake. Dirisha halikufunguka, ukaja mstari mmoja tu kusema imepokea, kisha zile dakika tatu za kusubiri. Akachomeka simu yake kwenye chaji. Humo ndani ya dakika tatu akanieleza lile faili la "salamu". Nyuma ya boksi alikuwa amechomeka modemu ndogo yenye laini ya simu, mimi nikidhani ni ya mtandao uliokufa. Kila asubuhi mashine ikishaamka, ilimtumia Madam ujumbe. Mara moja tu kwa siku. Miaka yote aliyotufundisha kwamba kazi nzuri haiangaliwi, yeye alikuwa anasalimiwa, na baada ya kustaafu aliendelea kuiwekea vocha ile laini kutoka Kasulu.

Nilikasirika. Sitaficha. Nilikumbuka mara tano kwa siku, na ndoto za kitambaa.

"Kwa nini hukuniambia? Miaka miwili naogopa peke yangu, Madam!"

Alitazama mikono yake. "Ningekuambia, ningekupa na salamu yenyewe. Na mie ningebaki na nini cha kuniamkia kule?"

Simu yake ikalia juu ya chaji. Akainyanyua, akanipa nisome mwenyewe: "Mwakeye. Nimeamka."

Cheti cha Leokadia kilitoka chumba cha pili saa nne kasoro. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitia ndani ya khanga, kifuani, na mtoto mgongoni akacheka bila kujua anacheka nini. Mkuu alisimama mlangoni ameshika miwani.

"Kumbe ilikuwa inafanya kazi?"

"Miaka yote, Mkuu," Madam akasema. "Ndo maana hukuijua." Kabla ya adhuhuri maombi ya diski yalikuwa yamesainiwa, na ikaamuliwa vijana wa Ijumaa waelekezwe kwenye lile boksi la juu ya meza, lenye kitambaa.

Kabla hajaondoka alifungua faili la salamu. Namba yake akaifuta, akaandika yangu. Vidole vyake vilisita kwenye tarakimu ya mwisho, nikadhani amesahau namba, nikamtajia. "Naijua," akasema.

Nilimsindikiza stendi. Alisimama kwenye mlango wa gari, mguu mmoja ndani mwingine nje, kondakta anapiga bodi la gari kumharakisha.

"Madam, na wewe nani atajua kama umeamka?"

"Kwenda zako," akasema. "Utachelewa kulaza mashine."

Mashine haijawahi kungoja kulazwa na mtu. Skripti inailaza yenyewe, na yeye ndiye aliyeiandika. Nilibaki stendi mpaka vumbi la gari likatua.

Kesho yake, saa kumi na mbili na dakika chache, nilikuwa nawasha moto wa chai simu ilipotetemeka. "Mwakeye. Nimeamka." Nikatabasamu, nikairudisha mfukoni. Sijafika kwenye mlango, ikatetemeka tena. Ilikuwa namba ya Kasulu.

"Mwakeye. Na mimi."